Siku Pijo ya Tata Ilipowaka

Jirani yangu hapa Kitendaguro ameshikwa na ugonjwa wa magari ya kale. Wenzake wakipata nafasi wanafuga ng'ombe wa maziwa au wanajenga vyumba vya kupangisha. Yeye anakwenda vijijini kutafuta makopo yaliyotelekezwa migombani, anayaburuza hadi uani kwake, halafu anayauguza. Sina ugomvi naye. Lakini wiki iliyopita alifungua tangi la gari moja ambalo, kwa maneno yake, lilizimwa kabla yeye hajazaliwa, na harufu ikavuka ua ikanikuta barazani nachambua maharage.

Petroli ya kituoni ni kali, hupanda puani na kupotea. Petroli iliyolala miaka mingi hunuka vingine. Ina uchachu, ina kitu cha rangi ya mbao ndani yake, na ikikushika kooni haikuachii. Niliinuka, maharage yakamwagika, nikaingia ndani na kufunga madirisha yote. Jirani akaja kuuliza kama amenikosea. Nikamwambia hapana, aendelee na mgonjwa wake. Kisha nikakaa kitandani mchana kweupe nikalia, mimi ambaye misibani watu hunisema kwamba nina macho makavu.

Nyinyi wa rika langu, mliozaliwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha mkakulia kwenye nyimbo za ujamaa na foleni za sabuni, mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu ulijaa vitu vilivyosimama. Mashine ya kusaga ilisimama ikisubiri mkanda. Redio ilisimama ikisubiri betri. Kwetu Ijumbi, ndani kabisa ya kibanja, kati ya migomba na mibuni, ilikuwa imesimama Pijo ya Tata.

Tata ndivyo tulivyomwita baba yetu, kama watoto wengine wa Kihaya. Kabla ya kurudi kijijini alikuwa dereva wa mwenye duka mmoja wa Kihindi pale Bukoba mjini, mzee mpole aliyeuza vitambaa na kuwapa watoto wa wateja peremende. Nyumba zilipotaifishwa yule mzee alikusanya familia yake wakapanda meli, na asubuhi ya kuondoka alimpa Tata ufunguo wa gari, akamwambia ndicho kiinua mgongo chake. Ilikuwa Pijo ya stesheni, ndefu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, yenye keria juu. Tata akaileta Ijumbi. Wanasema ilibeba maharusi, ilibeba wagonjwa, ilibeba hata kengele ya kigango. Halafu vipuri vikaadimika, petroli ikawa ya kuomba kwa kibali, na kwenye mikutano ya kijiji watu wakaanza kuuliza mjamaa gani ana gari la peke yake. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyempachika Tata jina la Bepari. Alilisema kwa kucheka, lakini lilishika. Tata akaliegesha gari chini ya kibanda cha majani ya migomba, akachomoa betri, akafunga.

Mimi hayo ya maharusi nilihadithiwa tu. Kwa umri wangu Pijo ilikuwa nyumba ya kuku. Koo mmoja alitagia kwenye kiti cha dereva na mwingine chini ya boneti, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kukusanya mayai humo. Na kwa kuwa Tata aliitwa Bepari na gari lake halitembei, nilidhani bepari ni mtu yeyote mwenye gari lisilotembea. Nilimwonea huruma kwa ajili hiyo.

Mama yangu alikuwa mcheshi. Naona niliseme hilo sasa hivi, kwa sababu watu wakimtaja marehemu huwa wanamfanya mtakatifu, na yeye utakatifu haukumpenda. Aliwaiga watu wanavyotembea. Alimwiga padri, alimwiga balozi, alimwiga Tata anavyolizunguka gari lake jioni akiligonga matairi yaliyokwisha upepo. "Dereva wa kuku," alimwita, "leo unatupeleka wapi?" Na Tata, ambaye kwa watu wengine hakuwa na maneno mengi, alimjibu kwamba safari ni ya kwenda Mwanza na abiria wakae sawa.

Kisha tumbo likaanza kumuuma. Alilificha siku nyingi, kama wanavyoficha wanawake wa kwetu, mpaka asubuhi moja alipoanguka kwenye mibuni na kikapu mkononi. Gari la kumpeleka Bukoba halikuwepo ila lori la ushirika lililobeba kahawa. Wakampandisha juu ya magunia. Namkumbuka amelala ubavu, kichwa kwenye mapaja ya shangazi yangu, na kila waliposogeza gunia alikunja uso kabla ya mtikisiko wenyewe kumfikia. Tata alisimama barabarani ameshika ubao wa lori. Alisema, nami nilikuwa karibu nikasikia, "Kurudi hutarudi hivi. Utarudi na gari lako."

"La kuku?" Mama akauliza.

"Hilo hilo."

"Basi uwaombe wanipishe kiti," akasema. Tata akadandia, na lori likaondoka.

Tata alimsindikiza, akakaa naye mjini siku chache. Aliporudi alitueleza kwamba madaktari wamempasua, kwamba amelala vizuri, na kwamba mjomba Felisiani, mdogo wake Mama aliyekuwa akifanya kazi mjini, anamwangalia kila siku. Hakunywa hata uji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda, akafungua boneti, akamtoa koo na mayai yake.

Siku zile nilikuwa na baba peke yangu kwa mara ya kwanza. Kaka zangu walikuwa shule ya bweni, shangazi Yustina, dada yake Tata, aliyekuwa amerudi kutupikia, alikuwa na kazi zake jikoni. Nikawa mtu wa gari. Nilishika kopo la nati. Nilifuta vitu kwa tambara. Na Tata, kwa sababu hapakuwa na mwingine, alinieleza kila alichokuwa akifanya, kwa sauti ile ile ambayo angemweleza mtu mzima.

Alianza kwa kumwaga. Alimwaga petroli ya kale, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia mwilini; ilitoka nyekundu kama chai ya rangi. Alimwaga oili, ikatoka nzito na nyeusi, akaikinga kwenye sufuria akaichezea kati ya vidole akitafuta vumbi la chuma. Hakulikuta, akatabasamu. Alimwaga maji ya rejeta, yakatoka na kutu na mdudu mmoja aliyekufa. Kwenye chujio la hewa panya walikuwa wamejenga kwa pamba ya kiti. Alikitoa kile kiota chote kwa mikono miwili, akakiweka pembeni bila kukivunja.

"Sasa tunaiwasha?" niliuliza.

"Ukiiwasha sasa unaiua," akasema. "Chuma kikikaa bila kazi kinashikana, Koku. Ukikilazimisha kuzunguka kikiwa kikavu kinajikwaruza, basi tena. Kwanza unakipa mafuta. Halafu unakiacha."

Alizifungua plagi zote, yakabaki matundu manne. Akanipa kichupa cha oili safi na bua la mtama, nikadondosha mle ndani, tundu moja baada ya jingine, matone machache, kama tunavyomtilia mtu dawa ya sikio. Tukaacha. Kesho yake alichukua hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini kwa mkono, akaliingiza chini ya pua ya gari, akaegemea kidogo tu. Haikusogea. Hakulazimisha. Tukadondosha tena, tukaacha tena. Alipojaribu mara nyingine kitu ndani kilitoa mguno, na ile feni iliyokuwa imesimama maisha yangu yote ikasogea upana wa kiganja. Tata alikaa chini kwenye nyasi. Nilidhani ameumia, kumbe alikuwa anacheka.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya raha. Alisugua plagi kwa msasa akazichoma motoni. Alifungua kabureta akaipuliza matundu yake kwa mdomo, mashavu yamevimba. Pampu ya petroli mpira wake ulikuwa umeoza na mwingine haukupatikana popote, kwa hiyo akaamua petroli ishuke yenyewe kutoka juu: kopo kubwa lifungwe kwenye keria, na mpira mwembamba ulioombwa zahanati uteremke hadi kwenye kabureta. Padri alitoa debe zima la petroli aliyokuwa akiitunza kwa safari za vigango. Matairi aliyatia viraka juu ya viraka. Kila jioni aliponawa alisema, "Bado betri." Na kila jioni mimi nilikaa kwenye kiti cha abiria, nimekipangusa kinyesi cha kuku, nikijaribu kujua Mama ataona nini akikaa pale.

Asubuhi moja Tata alinituma kisimani nilete maji ya rejeta. Niliporudi na ndoo kichwani nilimwona mjomba Felisiani amechuchumaa mbele ya gari. Nilifurahi. Mjomba alikuwa na tabia ya kunifinya pua na kuniuliza kama nimeshapata mchumba. Nilitua ndoo, nikapiga magoti kumwamkia kama inavyotakiwa. Hakunifinya. Aliniwekea mkono kichwani akauacha hapo.

Mama alikuwa amefariki alfajiri ile. Nyinyi mmeshaelewa, na mimi sina sababu ya kuwaficha. Mjomba alikuwa amekuja na lori la ushirika, lori lilikuwa barabarani likimsubiri, na dereva alikuwa amekubali kurudi mjini mara moja kuuchukua mwili. Hayo yote walikuwa wameshaambiana nilipokuwa kisimani. Nilichokikuta mimi ni watu wazima wawili wanabishana kwa sauti ya chini.

"Shemeji, lori lipo tayari," mjomba alisema. "Twende tukamlete."

"Nitamleta mwenyewe."

"Na hii? Hii haijulikani kama itawaka."

"Itawaka."

"Na isipowaka? Atakuwa anakusubiri kule mpaka lini?"

Tata alikuwa anakaza plagi. Hakuinua kichwa. "Nilimwambia hatarudi juu ya magunia," akasema. "Mwambie dereva asubiri mpaka ale chakula cha mchana. Isipowaka, nitapanda hilo lori lenu."

Mimi niliyasikia maneno hayo waziwazi na nikayaelewa yote vibaya. Twende tukamlete. Anakusubiri. Hatarudi juu ya magunia. Kuna mtoto gani angeelewa vinginevyo? Nilikimbia jikoni kumwambia shangazi Yustina kwamba Mama anakuja leo. Nilimkuta amekaa chini ameegemea ukuta, kanga mdomoni. Akaitoa ile kanga. "Ndiyo, mwanangu," akasema. "Mama yako anarudi nyumbani leo."

Kwa miaka mingi nilikuwa na hasira na jibu lile. Nimeshazika watu wengi tangu hapo, nimeshatumwa mimi mwenyewe kwenda kumwambia mtu kwamba wa kwao "anarudi nyumbani", na najua sasa kwamba shangazi hakudanganya. Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu, inazungushwa ili imfikie taratibu. Lakini lugha ile ni ya wakubwa, na hakuna aliyenifundisha kabla ya kuitumia juu yangu. Hasira yangu imepungua. Haijaisha.

Halafu watu wakaanza kuja. Hapo ndipo mkanganyiko wangu ulipopata nguvu, kwa sababu mjue kwamba kwetu nyumba ya msiba na nyumba ya sherehe, kwa macho ya mtoto, huandaliwa sawa. Wanaume walikuja na mikungu ya ndizi na kuni mabegani. Wengine walileta vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wanawake walikuja na mikeka, wakazoa nyasi kuukuu zilizotandikwa sakafuni wakaleta nyasi mpya, mbichi, zinazonukia, wakazitandaza nyumba nzima kama tunavyofanya Krismasi. Na zaidi ya hayo, hakuna mtu aliyekwenda shamba. Jembe halikusikika mahali popote. Akifa mtu kijiji hakilimi. Mimi hilo sikulijua, nilijua tu kwamba kijiji hakilimi siku ya sikukuu. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifagia uani, "Wote hawa wamekuja kwa ajili ya Mama?" Akanijibu, "Wote, bojo," kama wanavyobembelezwa watoto kwetu. Nikajivuna. Sikujua kwamba Mama anapendwa kiasi kile.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho ni kwamba walikuwa wakimya. Nikajieleza kwamba wanamsikiliza Tata asikosee.

Kwa maana sasa wanaume wote walikuwa wamezunguka kibanda. Betri ilikuwa bado haijapatikana. Mjomba alikuwa akitazama barabarani liliko lori. Ndipo akaja balozi, yule yule wa nyumba kumi, akipanda mteremko na kitu kizito kichwani. Alikuwa na betri kubwa aliyoiunganishia redio yake ili asikilize taarifa ya habari; kijiji kizima kilikuwa kikienda kwake kusikiliza. Aliitua miguuni pa Tata. "Redio inaweza kusubiri, waitu," akasema, yaani ndugu yetu. Hakumwita Bepari. Sikumsikia tena akimwita hivyo.

Tata alifunga nyaya. Alipanda kwenye tairi akajaza kopo la kwenye keria, akafungua, akaangalia petroli ikiteremka kwenye mpira mpaka ikafika. Alikagua oili mara ya mwisho. Alizungusha hendeli polepole akiwa hajawasha ufunguo, ili oili ipande kila mahali, akazungusha sana, jasho likimtiririka, watu wakimwambia inatosha na yeye hasikii. Kisha akaingia, akazungusha ufunguo, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Akarudi mbele. Alilishika hendeli kwa namna aliyokuwa amenifundisha, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha huvunja gumba la anayeshika ovyo.

Akavuta. Hamna kitu. Akavuta tena. Gari likapiga chafya, moshi mweupe ukatoka, kuku wakatawanyika. Kwa mbali lori lilipiga honi. Mjomba akasema, "Shemeji," akaonyesha barabarani kwa mkono. Tata alivuta mara nyingi sana kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kwa kila mvuto alikuwa akisema kitu, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu na taa nilisikia kwamba ni jina la Mama. Wanaume wengine walikuwa wametazama chini. Mmoja alijitolea kumpokea, akakataa kwa kichwa. Aliinama kwenye kabureta, akageuza skurubu moja kidogo, akasubiri, akarudi, akavuta.

Ikawaka.

Bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu lote, kwa hiyo haikuunguruma kama gari, ilipasuka. Migomba ilitikisika. Moshi wa buluu ukajaa kibandani, kibati cha boneti kikacheza, na mimi, ambaye nilikuwa nimeisubiri sauti ile kuliko mtu yeyote isipokuwa mmoja, nilinyoosha shingo nikapiga vigelegele. Nilivipiga kama nilivyoona wanawake wakivipiga harusini, ulimi ukicheza. Nyuso zote zikanigeukia. Shangazi Yustina alinijia mbio akanifunika mdomo kwa kiganja. "Siyo sasa, bojo," akaninong'oneza. "Nyamaza, siyo sasa."

Nikaelewa kwamba vigelegele vinatunzwa mpaka Mama afike.

Walitoa kiti cha nyuma, wakatandika mkeka na blanketi mbili. Hilo halikunishangaza, mtu aliyepasuliwa lazima alale. Mjomba akaingia nyuma. Mwanamume mmoja mnene alitaka kukaa mbele na Tata, Tata akamwomba radhi, akasema kiti kile kina mwenyewe. Wakaondoka wakipigwa na majani ya migomba pande zote mbili, na tuliisikia ile injini mpaka ng'ambo ya mlima.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilioga. Nilivaa gauni langu la Komunyo ya Kwanza, ingawa lilikuwa limenibana mabegani, na hakuna aliyenizuia, ndivyo mambo yalivyokuwa yameharibika. Wanawake waliniona nikipita wakageuza nyuso. Wengine walikuwa wamekaa kwenye nyasi mpya na macho yamevimba, nikadhani ni moshi wa jikoni. Nilikwenda kukaa kando ya barabara mahali njia ya kwetu inapoanzia.

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea niliposikia. Injini ile ungeisikia ukiwa Uganda. Pijo ilitokea kwenye kona ikija polepole mno, ikizunguka kila shimo, mengine ikiyazunguka kwa kupita kabisa majanini, na Tata amenyooka kwenye usukani kama amebeba mayai. Nilikimbia. Alisimama. Nilikwenda mlango wa mbele nikiwa na hakika nitamwona Mama ananiiga ninavyokimbia, na kiti kilikuwa kitupu.

"Mama yuko wapi?" nilipiga kelele, maana bila kelele hapakuwa na kusikilizana.

Nilimwona Tata akifungua mdomo. Kisha akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. Nilichungulia. Mjomba Felisiani alikuwa amekaa sakafuni, amepakata kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi la hospitali, na kwa mkono alinifanyia ishara nisipande kule, nikae mbele. Amelala, nikajiambia. Baada ya safari yote ile lazima alale. Nikapanda kiti cha Mama taratibu, nikafunga mlango bila kuubamiza ili nisimwamshe, na hilo, katika kishindo kile cha injini, ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko yote.

Tuliingia njia ya kwetu. Tata hakunitazama, lakini alitoa mkono wake mmoja kwenye gia akanishika goti, akauacha pale hata alipohitaji kubadili gia, akapanda kilima chote kwa gia moja. Machozi yalikuwa yanamshuka. Niliyaona. Nami nilikuwa najua machozi ya furaha, nilishayaona kwa bibi harusi.

Uani watu walijaa. Wanawake walitoka ndani wote kwa pamoja, mikono kichwani, midomo wazi, wengine wakijitupa kwenye nyasi, shangazi Yustina mbele yao kanga imemdondoka. Sikusikia sauti yao hata moja. Injini ilikuwa imemeza kila kitu, niliona tu midomo na koo zinazotikisika, na kwangu vile vilikuwa ndivyo vigelegele vilivyokuwa vimetunzwa tangu asubuhi. Nikawapungia mkono.

Nyuma mlango ulifunguliwa. Gari liliinuka kidogo walipomshusha. Tata hakuzima. Alibaki ameshika usukani anatazama mbele kwenye migomba, mguu wake ukikanyaga petroli kidogo kidogo ili injini isilegee. Mjomba alizunguka akaja dirishani, akaingiza mkono kuufikia ufunguo, na Tata akaushika ule mkono akaurudisha nje bila ugomvi wowote. Mjomba akasimama pale. Walikuwa wakimpitisha Mama mlangoni na Tata hakugeuka.

"Tata, tushuke?" nikampigia kelele sikioni.

Akatikisa kichwa. Akakanyaga tena.

Basi nikaona kwamba Mama amefika, na ruhusa imeshatolewa, na kila mtu anashangilia isipokuwa mimi. Nilipiga magoti juu ya kiti, nikatoa kichwa na kifua nje ya dirisha na gauni langu jeupe, nikanyoosha shingo, nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote, ili avisikie huko ndani ajue ni mimi. Nilikuwa bado napiga petroli ilipokwisha kwenye kopo la juu. Injini ilikohoa, ikashtuka, ikanyamaza, na sauti yangu ikabaki peke yake katikati ya vilio.